Matembezi ya Gathano na Mtu wa Rika Langu

Wanaosema Nyeri haina raha mwezi wa Agosti ni wale wanaoupita mji huu ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mji huu ni wa miguu. Na wakati wake ni gathano, majira yetu ya baridi, mvua ndefu zikishakwisha, mahindi yakikauka shambani na jua likikaa wiki nzima bila kutoa uso.

Nimetembea miji mingi. Nimelala Nakuru, nimefagia stesheni Tororo, nimeswaga ng'ombe wa watu kwa miguu kutoka Isiolo mpaka Nanyuki. Nairobi ni kubwa, sikatai, lakini Nairobi hutembei, unasukumwa. Nyeri ndiyo unatembea. Sisi wa Tetu tuliokua tukitazama mabati yake ng'ambo ya bonde, huu ndio mji mkubwa. Mwingine wowote ni habari za kuambiwa.

Ukungu wa gathano hushuka na kulala barabarani kama ng'ombe aliyechoka. Unatembea, na duka linakuja kwako. Kwanza unaona nguzo ya baraza, halafu Mhindi mwenye sweta amekumbatia kikombe chake cha chai, halafu vitambaa vyake vimening'inia. Ukisogea kidogo duka limekwenda na lingine linakuja. Nyuma ya nyumba za zamani za wazungu miti ya plamu inapukutisha majani, yananata kwenye lami iliyolowa, manjano na mekundu, ukiyakanyaga hayatoi sauti. Unanusa makaa. Unanusa hindi linalochomwa mahali usipopaona. Kila mtu amevaa koti la mitumba, koti la marehemu wa Ulaya kama tulivyozoea kutania, na kila mtu anatoa moshi mdomoni kama lori kuukuu. Na mlima haupo. Unajua uko pale nyuma ya bega lako, kama mtu aliyesimama nje ya mlango na hataki kubisha hodi.

Kila gathano, popote nilipokuwa, nilirudi Nyeri kwa dada yangu Kagure, nikatembea mji mchana kutwa bila shughuli. Kagure alikuwa mjane, anauza viazi sokoni, ana chumba na stoo karibu na Majengo. Wanawake wenzake walimuuliza, "Ndugu yako kila siku anapita pita hapa, anatafuta nini?" Akawajibu, "Anatafuta mahali alipoacha akili yake. Mkiiona mniambie."

Gathano ya themanini na mbili haikuwa kama zingine. Siku ya kwanza ya Agosti wanajeshi wa ndege walijaribu kuichukua serikali kule Nairobi, wakashindwa siku hiyo hiyo. Baada ya hapo kila aliyewahi kuvaa sare yao alitafutwa, aliyeshika bunduki na aliyeshika ufagio. Mwana wa Kagure, Theuri, alikuwa fundi wa ndege. Siku ile alikuwa likizo kwa mama yake, amelala na homa. Lakini nani angemshuhudia? Mama? Wenzake wawili wa upande wetu, waliokuwa likizo vilevile, walijipeleka wenyewe kujieleza, wamenyoa ndevu na kuvaa tai. Mama zao walipowapelekea blanketi waliambiwa hakuna watu wenye majina hayo.

Kwa hivyo Theuri alikaa nyuma ya magunia ya viazi ndani ya stoo, akikohoa ndani ya blanketi, na sisi tukatafuta njia.

Njia ilikuwa Kullow. Huyu alikuwa Msomali, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki, rafiki yangu tangu siku za kuswaga ng'ombe. Alikuwa akileta mbuzi Nyeri kwa lori, na lori lilirudi kaskazini tupu. Nilipomweleza hakuuliza mengi.

"Atapita Nanyuki yenyewe," alisema, "mbele ya kambi yao ya ndege kabisa. Nani anatafuta panya mdomoni mwa paka? Lakini siondoki kabla ya sala ya alasiri. Nikiondoka mapema watu watasema, leo Kullow ana nini?"

Siku yenyewe, alfajiri, tulimvika Theuri kikoi na kofia, tukampa fimbo, akaondoka na wachungaji wa Kullow kuelekea uwanja wa mifugo. Angekaa humo katikati ya mbuzi mpaka alasiri. Ukungu ulimmeza kabla hajafika kwenye kona. Kagure hakulia. Alinigeukia mimi.

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa na wewe hapa mpaka lori liondoke."

"Ukae? Watu wakuone umekaa nyumbani gathano? Si utatuuza! Toka uzurure kama kawaida yako. Na usikanyage upande wa mifugo."

Nikatoka. Nilianza na hofu, lakini miguu ina ujinga wake. Ikishapata lami baridi inasahau. Nilipita penye mkate unaotoka motoni, nikapita kwa fundi wa viatu anayepaka gundi kwa kidole, nikasimama kutazama makoti yaliyotundikwa kwenye ua, yamejaa unyevu, mikono imelegea, kama watu waliopangwa mstari. Hapo nikakumbuka. Nikaendelea kutembea polepole, kama mtu asiye na mwana wa dada.

Karibu na mnara wa saa sauti ilitoka kwenye ukungu.

"Rika yangu!"

Niligeuka. Mtu alikuja ameshika mwavuli uliofungwa, koti jeusi mpaka magotini, kofia imeshuka, mvi kando ya masikio.

"Nani huyo?"

"Ati nani! Wewe si Ngigi? Si wewe ni yule wa Wamagana kule Tetu, mwana wa Muriithi?"

Ngigi ni nzige. Rika letu lilipewa jina hilo kwa sababu tulitahiriwa wakati nzige walipokula mpaka majani ya paa. Kufikia mwaka huo tulikuwa tumebaki wachache, na ukikutana na mmoja ni kama kuokota kitu chako mwenyewe njiani. Na kwetu mtu wa rika lako humkatai. Akiwa na njaa unamlisha, akikosa pa kulala unampisha, akitaka mtembee mnatembea. Zamani aliyemkataa mwenzake alitozwa mbuzi, na mbuzi huyo akaliwa huku mwenyewe anatazama.

"Mimi ni Mathenge wa Kahiga," alisema, "wa huko chini Othaya. Nimeambiwa kuna mtu wetu hapa anaujua mji huu kama kiganja chake. Nikasema, leo nitembezwe."

Nilifurahi kweli. Sikuwa na mtu wa kutembea naye kwa miaka mingi. Nikamshika mkono, tukashuka pamoja, nikimwonyesha hiki na kile. Nilimwonyesha kinyozi anayelala amesimama. Nilimwonyesha duka ambalo ukikaa mlangoni unasikia harufu ya kahawa na mafuta ya taa na sabuni kwa pamoja. Alikuwa msikilizaji mzuri. Kila nilichosema alitikisa kichwa.

"Na meno yako uliyaacha wapi, wewe?" nikamtania. "Ama uliyaweka benki?"

"Ah, ni umri tu, mzee," akasema kwa adabu.

Mzee! Neno hilo liliniingia kama kokoto ndani ya kiatu. Mtu wa rika lako hakuiti mzee. Anakuita mbwa, anakuita kibuyu kilichopasuka, anakutukana mama akicheka, kwa sababu mliona aibu moja siku ya kutahiriwa na hamna tena cha kuheshimiana. Adabu ni ya watu wengine.

Nikasema labda ni mtu aliyeokoka, kanisa limemfunga mdomo. Tukaenda kidogo. Halafu nikamjaribu.

"Na mke wetu hajambo? Nikija Othaya atanipikia na kunitandikia, ama utamficha?"

Kwa watu wa rika moja, mke wa mmoja ni "mke wetu." Ni salamu. Unaijibu kwa kusema, "Anakungoja, amechoka na mimi," au jambo baya zaidi. Hata waliookoka huijibu, wakitazama kando.

Mtu huyu alisimama. Mkono wake ukatoka mfukoni.

"Bibi yangu umemjulia wapi?"

Tulitazamana. Kisha akacheka, lakini kicheko kilikuja kimechelewa, kama mtu aliyekumbushwa. Ndipo nilipomwangalia vizuri. Sisi Ngigi tulitobolewa masikio tukiwa wavulana, na ndewe zetu zinaning'inia mpaka leo. Zake zilikuwa nzima, laini kama za mtoto. Nzige walipokuja huyu hakuwa hata mimba. Na viatu vyake vilikuwa vyeusi, soli nene, kamba zimefungwa mpaka juu ya kifundo. Askari kanzu huvaa koti la raia lakini viatu hawabadilishi.

Niliinua macho haraka, asijue nimeviangalia.

Ningefanya nini? Nikimkimbia, atajua nimejua. Nikiaga na kurudi nyumbani, atabaki na mchana mzima na miguu miwili, na uwanja wa mifugo haukuwa mbali. Nikawaza, huyu ameingia rika langu kwa mlango wa nyuma. Sasa akae ndani. Kama mimi siwezi kumkataa, yeye naye hawezi kunikataa, la sivyo akubali kwamba ni mwongo. Nitamtembeza mpaka alasiri.

"Twende, kibuyu wewe," nikamwambia, nikamshika mkono tena. Mkono wake ulikuwa mgumu ndani ya koti.

"Twende wapi?"

"Makaburini."

"Ati makaburini? Mimi nilitaka tuone mifugo. Nasikia Wasomali wameleta mbuzi wazuri leo."

Nikacheka kwa sauti. "Mbuzi! Tangu lini rika letu linatazama mbuzi bila kisu? Unataka kunitamanisha bure? Kwanza uone makaburi ya wazungu. Ndiyo sehemu tulivu kuliko zote mjini."

Akatazama nyuma, kwenye ukungu, kama anayeuliza mtu. Kisha akanifuata.

Tulipanda polepole. Nilijifanya goti linaniuma. Kwenye makaburi miti mirefu inadondosha maji tone kwa tone hata kama hakuna mvua, na mawe yameota ukoga wa kijani mpaka huoni jina. Siku zingine hapo ndipo ninapopata raha yangu kubwa, kukaa na wafu wasionijua. Siku hiyo nilisikia kitu kingine. Tulipotembea, nyuma yetu kulikuwa na miguu ya mtu wa tatu. Tuliposimama, ikasimama.

"Dada yako anauza viazi, sivyo?" Mathenge aliuliza, akipangusa jiwe kwa ncha ya mwavuli. Nilikuwa sijamwambia nina dada.

"Anauza. Viazi vyake ni vidogo na mdomo wake ni mkubwa."

"Ako na watoto?"

"Wawili. Mmoja ameolewa Karatina."

"Na yule mwingine?"

"Hebu nisomee hapa, macho yangu yameisha. Huyu alikufa na miaka mingapi?"

Akainama akasoma. "Arobaini na moja."

"Kijana mdogo. Ni hii baridi. Wazungu walifikiri ni ya kwao, kumbe ina wenyewe."

"Yule mwingine, mzee," alisema bila kuinuka. "Mvulana."

"Huyo ni mtu wa serikali. Watu wa serikali hawaagi wajomba zao wanapokwenda."

Alitabasamu. Hakuuliza tena, na hilo lilinitia hofu kuliko maswali. Nilimtoa hapo nikamshusha kuelekea mtoni, nikampandisha tena kwa njia ya sokoni, nikamsimamisha kila mahali palipokuwa na kitu cha kusimamia. Tulikula hindi moja tukaligawana. Tulitazama mwanamke akichagua kabichi kwa kuipiga kofi. Na niseme jambo la ajabu: mji ulikuwa mzuri. Pengine sijawahi kuuona mzuri hivyo. Kila jani la plamu niliona lilipokatikia. Taa za maduka zilikuwa zimewashwa mchana, na kila moja ilikuwa na duara lake la ukungu, kama yai. Nadhani anayepelekwa kunyongwa anaona hivyo hivyo.

Ajabu ya pili ni kwamba yeye hakuchoka wala kuvuta tena upande wa mifugo. Nikimvuta kushoto anakuja, nikimvuta kulia anakuja. Mara mbili nilimwona akitazama saa ya mkononi, akairudisha ndani ya mkono wa koti kama mtu anayengoja chakula kiive.

Kisha adhana ikaanza kutoka msikiti wa Majengo, nyembamba, ikipita juu ya mabati. Nilinunua ugoro, nikaununua polepole sana, nikabishana na mwenye ugoro juu ya unyevu wake. Adhana ikaisha. Mji ukanyamaza kidogo, halafu nikasikia, upande wa barabara ya kaskazini, lori linabadilisha gia kwenye mlima. Gia ya pili ya lori la Kullow ilikuwa inalia kama punda. Ningeijua hata nikiwa kaburini. Lililia, likapanda, likaendelea kupanda, likaisha masikioni.

Mathenge naye alikuwa amesimama anasikiliza. Akatazama saa yake.

"Basi," alisema. "Sasa unaweza kwenda nyumbani, mzee."

"Umechoka, kibuyu?"

"Mimi nilitumwa nikuweke mbali na dada yako mpaka wamalize kuzungumza naye. Mwanamke akiwa peke yake anasema haraka. Nilijua utanisumbua, utataka kurudi, ndiyo maana nikasingizia mbuzi. Kumbe ni wewe ulikuwa unanivuta!" Alifungua mwavuli, ingawa mvua haikuwapo. "Na ni kweli ulivyosema. Nimefanya kazi hapa mwaka mzima na mji huu sikuwa nimeuona."

Nilikimbia. Miguu yangu, iliyotoka Isiolo mpaka Nanyuki bila kulalamika, ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Mlango wa Kagure ulikuwa wazi. Magunia yalikuwa yamepasuliwa kwa kisu, viazi vimetapakaa mpaka nje. Alikuwa amekaa chini katikati yake, kitambaa cha kichwa hakipo, anachagua vilivyokanyagwa na kuviweka kando. Shavu moja lilikuwa limevimba.

"Walikuwa wangapi?" nikauliza.

"Wa kutosha." Hakuinua kichwa. "Nimewaambia alienda Mombasa. Kila waliponiuliza nilisema Mombasa, mpaka hata mimi nikaanza kuiona hiyo bahari. Lori limeondoka?"

"Limeondoka."

"Umeliona?"

"Nimelisikia."

"Basi chukua sufuria. Hivi vilivyopasuka lazima tuvipike leo."

Tulikula viazi wiki nzima. Hatukujua kama lori lilifika Nanyuki au halikufika. Kila gari liliposimama karibu, Kagure aliacha kutafuna. Mwisho Kullow alikuja sokoni na mbuzi wengine. Alisimama mbele ya viazi vya Kagure, akaokota kimoja, akakigeuza.

"Mama, viazi vyako vina macho mengi," alisema kwa sauti ya kusikika. Kisha, akiinama kukirudisha, akasema chini chini, "Kijana amevuka mpaka. Yuko upande wa pili, anatengeneza pampu za maji. Asiandikiwe, asifuatwe." Akaenda zake.

Siku ile Kagure alilia. Alilia akipimia watu viazi, wakafikiri ni vitunguu vya jirani.

Mimi nilitaka kwenda. Sikuwa nimekaa mahali pamoja mpaka mvua za vuli, tangu ujana wangu. Nilimjua kila mtu njiani kutoka hapa mpaka Moyale. Ningemwona kijana, nikamletea mama yake habari ya uso wake, kama amenenepa, kama kikohozi kimeisha. Nilifunga kifurushi changu. Asubuhi nilipofungua mlango, Mathenge alikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli.

"Leo tunaenda wapi?" aliuliza.

Nikaacha kifurushi ndani. Tukatembea mji.

Alikuja kesho yake. Alikuja wiki iliyofuata. Siku zingine hakuja yeye, ila miguu ile nyingine ilikuwa nyuma yangu. Hakunitisha hata mara moja. Siku moja tu, tukinywa chai, alisema, "Mimi sina haraka, mzee. Mambo ya Mombasa tumeyaangalia, hayakuwa na kitu. Lakini wewe nimekuulizia. Kila mtu anasema huyu hawezi kukaa. Siku moja miguu yako itaenda kwake yenyewe."

Nilimweleza Kagure. Akasema, "Basi ikatae."

"Miguu?"

"Ikatae, ndugu yangu. Mimi nilikataa na shavu."

Gathano ikarudi nami ningali Nyeri. Ukungu ukashuka, majani ya plamu yakaanza kukatika. Siku moja nilitembea bila kufikiri, Mathenge akiwa hatua chache nyuma, tukapita maduka ya mwisho, tukapita King'ong'o na ukuta mrefu wa gereza, mpaka barabara ikanyooka kwenda Kiganjo na Nanyuki. Nilisimama. Mbele yangu lami ilikuwa nyeusi, imelowa, ikiingia ndani ya weupe. Lori tupu likapita, likanirushia matope, likaenda huko. Nyayo za miguu zilikuwa zinaniwasha.

Mathenge alisimama mikono mfukoni, akageuza uso kando, kama mtu anayempisha mwenzake aseme sala yake.

Nilikaa pale mpaka mlio wa lori ukaisha kabisa. Kisha nikageuka.

"Twende sokoni," nikamwambia. "Leo kuna kabichi."

Akanipisha nitangulie.